Laptopu gani ununue ukitaka kujifunza programingi: mpangilio wangu kwa watu wa Unguja na Pemba

Kila matokeo ya Form Four na Form Six yakitoka maswali yanakuwa yale yale, "nna laki tano nataka kujifunza programingi ninunue laptopu gani na niweke nini ndani". Sasa naandika mara moja, atakaeuliza tena namtumia hii.

Kwanza: vitu vya kufanyia kodingi ni bure. VS Code (ya kuandikia programu) bure, Python (lugha ya programingi) bure, Git (ya kutunza mabadiliko ya kazi yako) bure, Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows) bure. Anaekuuzia "programu za programingi" kwenye flashi anakula pesa yako bure. Kwa hiyo pesa yote iende kwenye mashine, na mashine yenyewe iwe na vitu vitatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB kwenda juu, SSD (hifadhi ya kasi), na prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel jenereshoni ya 8 au zaidi. Kwa nini ya 8? Mana Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia hapo, halafu ndipo prosesa za i5 za laptopu za maofisini zilipotoka kori mbili (vichwa vya kazi ndani ya prosesa) zikawa nne. Kuijua ni rahisi, tazama namba inayofuata i5: i5-8250U ni ya 8, i5-6300U ni ya 6. Muuzaji akikwambia "hii i7 yakhe" usibabaike, i7 ya jenereshoni ya 4 ni kizee tu kilichovaa suti.

Namba 1: Lenovo ThinkPad T480, mtumba

Hii kwangu mimi haina mpinzani kwa anaeanza, na khasa kwa anaekaa Pemba au shamba ambako umeme ukiondoka hujui unarudi saa ngapi. T480 ina betri mbili, moja imo ndani na nyengine inachomoka kwa nyuma, na ile ya nyuma unaweza kuitoa ukaweka nyengine huku mashine inawaka na kazi yako ipo palepale. RAM ina nafasi mbili, kwa hiyo unaweza kununua ya 8GB leo na mwakani ukaongeza, fundi anafungua chini dakika chache tu. Kibodi yake ni nzuri mno kwa mtu atakaechapa kutwa.

Ina mambo mawili ya kuangalia. Moja, zipo zilizotoka kiwandani na kioo cha 1366 kwa 768, hizo ziache, maandishi ya kodingi hayaonekani vizuri na ukifungua madirisha mawili unabanana, taka ile ya 1920 kwa 1080 (bonyeza kulia kwenye desktopu, ingia kwenye mipangilio ya kioo, utaiona). Pili, tundu la Thunderbolt (moja katika yale matundu mawili ya USB-C) la mashine hizi lilikuwa na tatizo la programu yake ya ndani mpaka Lenovo wakatoa apdeti ya kulirekebisha, na nyengine zimeshakufa tundu. Kwa hiyo chomeka chaja kwenye matundu YOTE MAWILI ya USB-C mbele ya muuzaji. Yote yachaji. Mtu akikutajia zaidi ya laki saba kwa T480 ya kawaida mwambie ahsante bwana, endelea na safari.

Angalia usichanganye na T480s, ile nyembamba haina betri ya kuchomoa.

Namba 2: HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490

Umri mmoja na T480, nguvu ile ile, na kwa sura nzuri zaidi. RAM nazo zinaongezeka. Ila betri moja tu na imo ndani. Kwenye EliteBook baadhi zina kioo cha siri, ukikaa pembeni huoni kitu, wengine hudhani kioo kibovu, kumbe ni kitufe tu kwenye kibodi kinaizima na kuiwasha. Mimi sizipendi hizo, kioo chake kina ukungu ukungu. Ukiipata isiyo na hicho kioo kwa bei ya chini ya T480 ichukue bila kufikiri.

Namba 3: Kompyuta ya mezani, mtumba

Kwa pesa hiyo hiyo unapata nguvu zaidi na kioo kikubwa. Lakini umeme! Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika kisiwa kizima kikakaa gizani, wanajua nnachosema. Bila UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) usinunue, na ukishajumlisha UPS na kioo bei inarudi kule kule. Labda kama mnasoma ndugu watatu nyumba moja.

Namba 4: Mashine za jenereshoni ya 6 na 7 (T470, EliteBook 840 G3, Latitude 7480)

Kama mfuko umebana ni sawa, ila weka Linux Mint usihangaike na Windows. Utajifunza Python, JavaScript, na tovuti vizuri tu. Ukitaka kutengeneza aplikesheni za simu kwa Android Studio hapo utalia, mana yenyewe inataka 8GB kwa uchache na kwa raha inataka 16.

Namba 5: Simu uliyonayo

Sio utani. Android pamoja na aplikesheni ya Pydroid 3 au Termux unaweza kuanza leo usiku, ukapima kama hii kazi unaipenda kabla hujamuomba baba pesa. Kibodi ya bluetuthi ikiwepo ndio bora.

Namba ya mwisho: laptopu MPYA ya bei rahisi

Hapa ndipo watu wengi wanapoingia mkenge kwa sababu ya boksi na karatasi ya nailoni. Prosesa dhaifu ya Celeron, RAM 4GB imegandishwa kwenye bodi haiongezeki, hifadhi eMMC (nzito kuliko SSD) 64GB ambayo Windows na apdeti zake zinaimaliza. Ukifungua VS Code na brauza pamoja inaanza kukuangalia. Mashine ya ofisini ya 2018 inaipita hii mbali sana.

MacBook? Air ya M1 ni mashine nzuri kweli kweli, kama shangazi yupo Dubai na anakuletea pokea kwa mikono miwili, hakikisha tu imetolewa kwenye iCloud (akaunti ya Apple) ya mwenyewe wa kwanza. Kununua kwa pesa yako ya kwanza, hapana.

Unapokwenda dukani, iwe Darajani au Mlandege, usinunue kwa macho. Fungua ile sehemu nyeusi ya amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutolea faili, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity: ikiwa ya pili haifiki hata nusu ya mwanzo, betri imekwisha, shusha bei. Izime uiwashe uingie BIOS (menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijafunguka), ikidai paswedi ondoka. Tazama skrubu na matundu ya USB kama yana kutu, hewa yetu ya chumvi haina huruma na mashine iliyokaa dirishani. Na kibodi jamani! Nyingi zinatoka Ulaya, za Kijerumani zile alama za { na [ zimejificha kwenye 7 na 8 mpaka ushike kitufe cha AltGr, na hizo ndio alama utakazopiga siku nzima. Stika za juu hazibadilishi umbo la kitufe cha Enter, angalia hapo utajua kama ni ya Ulaya.

Walioko Chake na Wete wanaoagizia mjini, mtumeni ndugu akaikague hivyo hivyo kabla pesa haijatumwa, meli ikishaondoka bandarini kurudisha mzigo ni mtihani.

Ukishafika nayo nyumbani: VS Code, Python, Git, basi, kwa bando dogo zinashuka zote. Siku unapoinstoli Python kwenye Windows, ukurasa wa mwanzo chini kabisa kuna kiboksi kimeandikwa Add python.exe to PATH. Kitie tiki kabla hujabonyeza kitu chengine chochote, mana nusu ya meseji za "python haifunguki" nnazopata zinatokana na hicho kiboksi.