Fundi wa rauta pale Kondele: nyota nne, ya tano nimeibana kwanza

Kama rauta yako taa zinawaka vizuri tu lakini waifai haionekani kwa simu hata moja hapo nyumbani, tulia kwanza kabla uende kununua ingine. Kuna kibanda cha mafundi hapa Kisumu, Kondele, si mbali na flaiova, wanarekebisha simu na redio na hizi rauta pia, na mimi nawapa nyota nne kati ya tano.

Yangu ilianza baada ya stima kupotea na kurudi, na watu wa Migosi mnajua mvua ya jioni ikianza kunguruma stima inavyotucheza. Taa ya pawa iko, ya faiba iko kijani, ile ya waifai inawaka kidogo alafu inazima, ukitafuta kwa simu unaona za majirani wote isipokuwa yako. Nikapigia kampuni ya intaneti, kijana wa kastoma kea ananiambia nibonyeze tu kale katundu ka riseti nihesabu mpaka kumi. Nikakataa, juu rauta nyingi za faiba ukizifanyia hivyo zinasahau hata jina na pasiwadi ya laini yenyewe, na hizo ni kampuni wako nazo si wewe, sasa utabaki bila waifai na bila intaneti pia. Akaona basi ninunue mpya. Haya.

Sasa huyu fundi. Kitu kilinifurahisha ni kwamba bisibisi hakuishika kabisa, alianza na maswali. "Omera, kuna watoto kwa nyumba?" Nikashangaa watoto wanahusika aje, kumbe rauta zingine ziko na batani ndogo kando ya kuzima waifai, mtoto akiigusa tu imeenda na taa zingine zote zinabaki ziko sawa. Haikuwa hiyo. Akachomeka kebo kutoka rauta hadi kwa laptopu yake akafungua ukurasa wa setingi, ile 192.168.1.1, akaangalia kama waifai imezimwa, kama jina limefichwa, na kama chaneli, yaani ile njia ya hewani waifai inapitia, imewekwa 12 ama 13, kwa sababu simu zingine hasa zile zimetengenezewa soko la Marekani zinaishia 11 kwa hiyo hazitaiona hata ukiibeba mkononi. Zote ziko sawa.

Hapo ndio akaitisha adapta. Akaipima na mita ikiwa peke yake ikasoma volti 12 safi, na nina hakika mafundi wengi wangeishia hapo waseme adapta ni nzima, rauta ndio imeungua. Yeye ana kawaya kake ka kupimia rauta ikiwa inafanya kazi, akaiwasha, na ile sekunde waifai ilipojaribu kuamka volti zikashuka chini ya 10, taa ikazima. Akanieleza vizuri, taa na mambo ya kebo yanakula stima kidogo, lakini kurusha waifai kunataka nguvu zaidi, sasa adapta ikishachoka, kapasita za ndani, vile vipande vinashikilia stima, zimekauka, inabeba hivyo vidogo tu ikifika kwa kikubwa inalala. Akaweka yake ya volti 12 ampea 2, waifai ikatokea hapo hapo. Nikamuuliza si hii itachoma rauta maana ya kwanza ilikuwa ampea 1, akasema volti ndio lazima zilingane, ampea zikizidi rauta inachukua tu kile inahitaji.

Enyewe nilimwamini zaidi vile alimfanyia mama mmoja alikuwa nyuma yangu kwa laini. Yake ikiwashwa ile waifai ya gigahezi 5 haionekani kwa dakika nzima na zaidi, ameshaambiwa mahali imekufa. Jamaa akaangalia chaneli akacheka, kuna chaneli zingine ambazo rada nazo zinatumia, rauta ikiwekwa hapo lazima isikilize kwanza angalau dakika moja kabla irushe, zingine hata dakika kumi, na ikisikia rada inahama. Akamwekea chaneli 36, ambayo haina hiyo shida, akamwambia "Mama, nenda tu nyumbani," hakuchukua kitu. Pale angeweza kumuuzia rauta na mama wa watu angelipa.

Ile nyota moja imeenda kwa mambo ya biashara. Hakuna bei imebandikwa mahali, adapta nililipa 800 na najua mjini ukizunguka unapata chini ya hapo, ingawa kuna zile nyepesi kama karatasi zinauzwa zimeandikwa ampea 2 na hazifiki hata 1. Risiti hakuna, waranti ni ya mdomo, "ikisumbua rudi". Kiti ni kimoja na kina mwenyewe, unasimama juani matatu zikikupigia honi kwa masikio. Na jamaa akianza kuelezea anaelezea, kama una haraka ya kurudi kazini utaumia.

Mpesa anachukua. Ukienda beba rauta pamoja na adapta yake ile ile ya nyumbani, usiende na rauta peke yake, juu ataiwasha na adapta yake itafanya kazi vizuri kabisa, alafu ufike nyumbani ipotee tena.