Ultrasaundi ya tezi ya shingo: kipimo safi, maelezo ndo hamna

Kipimo chenyewe cha tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, nakisifu bila kusita. Hakina mionzi, hufungi kula, unalala chali na kamto chini ya mabega ili shingo ikae wazi, unapakwa ile jeli ya baridi afu mtaalamu anapitisha kifaa taratibu kulia, kushoto, pale katikati tezi inapoungana, na pembeni kuangalia mitoki. Hakiumi. Aliyenipima alikuwa mpole na hakuharakisha, hapo nyota tano zake halali.

Ripoti sasa. Nimekabidhiwa karatasi imeandikwa tezi haina muonekano wa kufanana, ni nyeusi kuliko kawaida, damu inapita kwa wingi, kuna kinundu upande wa kulia, TR3, basi, kwaheri. Hamna hata mtu mmoja wa kukuambia maana yake, na ukishaona neno kinundu akili inakimbilia kansa moja kwa moja, usingizi unapotea, unaanza kujishikashika shingo kila saa. Kwa kweli hii iliniumiza na naona si haki kumwachia mgonjwa mzigo huo arudi nao nyumbani.

Aliyenieleza vizuri ni daktari wa homoni. Kwanza akasema ultrasaundi inaonyesha sura ya tezi, haionyeshi inavyofanya kazi, kazi utaijua kwenye damu yaani TSH (homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, inapanda tezi ikizembea) na T4 (homoni ya tezi yenyewe), na kama kinga ya mwili ndo inaishambulia tezi basi mara nyingi kingamwili za anti-TPO zitakuwa juu. Zangu zilikuwa juu sana na TSH nayo imepanda, kwa hiyo ni Hashimoto, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Ule weusi kwenye picha unatokea kwa sababu seli za kinga zimejaa ndani ya tezi na mawimbi ya sauti hayarudi kama kawaida, afu makovu yanaikata tezi vipande vipande, vingine vinaonekana kama vinundu na kumbe sio. Jamani si wangeniandikia hata mistari miwili ya hivyo!

Na hiyo TR ni madaraja ya vinundu, 1 mpaka 5, yanapangwa kwa kuangalia umbo, kingo, weusi, kama kuna maji ndani au chembe za chokaa. Kwa mwongozo huo wa wataalamu wa picha wa Marekani wa mwaka 2017, TR3 inachukuliwa seli kwa sindano ikifika sm 2.5, TR4 sm 1.5, TR5 sm 1. TR3 ya chini ya sm 1.5 kama changu kwa kawaida hata ratiba ya kurudia picha haihitaji. Nilipumua.

Dawa nimeanzishiwa levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya kidonge, asubuhi tumbo tupu na maji, nasubiri nusu saa hadi saa moja ndo nile, vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vinakaa mbali nayo masaa manne, na TSH inarudiwa baada ya wiki 6 mpaka 8. Wapo wenye kingamwili juu ila TSH yao iko sawa, hao mara nyingi wanafuatiliwa tu bila dawa, kwa hiyo usikopi dozi ya mwenzio. Mnaotumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini mwambieni daktari kabla ya kutoa damu maana vinaweza kuvuruga majibu kabisa.

Kwa ujumla nawapa nyota tatu, zote za upimaji. Ukienda omba na picha zenyewe pamoja na ripoti, uwe na majibu ya damu mkononi, na usiondoke kwa daktari hajakuambia daraja la kinundu, ukubwa wake, na kama kuna haja ya kurudia. Na dada zangu mnaotafuta mtoto semeni mapema kabisa, kiwango cha TSH wanachokitaka kwenu kinakuwa tofauti na cha wengine na dozi huwa inaongezwa mimba ikiingia.