Tufani ya Shakespeare: kompyuta au mwanga wa jua?

Mwaka 2016 Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo la Stratford-upon-Avon, Uingereza, liliigiza tamthilia ya Tufani (The Tempest) kwa kushirikiana na Intel, kampuni ya vifaa vya kompyuta. Mark Quartley, aliyeigiza Ariel, roho anayemtumikia mchawi Prospero, alivaa suti yenye vihisio. Kila alipoinua mkono, kompyuta ilinasa mwendo ule na kuchora papo hapo kiumbe cha mwanga juu ya jukwaa. Wanaodai kwamba huko ni kumharibu Shakespeare wasome maelekezo yake mwenyewe: mezani pa karamu, Ariel anapiga mabawa na chakula kinatoweka kwa mtambo. Hila za jukwaani alizipenda tangu zamani zile. Tatizo ni jicho, maana mtazamaji hajui amfuate mwigizaji au picha yake.

Globe ya London, ukumbi wa maigizo uliofunguliwa 1997 kwa mfano wa ule wa enzi za Shakespeare, ni kinyume chake. Katikati haina paa, mamia ya watu husimama mbele ya jukwaa, na dhoruba huletwa na ngoma, sauti na miili inayoyumba. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walicheza Shakespeare pale kwa Kiswahili, mchana kweupe.

Kwangu Globe inashinda, hasa mwishoni, Prospero anapoomba makofi ya kumweka huru. Kwenye ukumbi wenye giza huwa analiomba giza. Pale anawaomba watu anaowaona usoni, nao wanajua ni zamu yao. Mitambo ningempa Ariel peke yake, tena kwenye karamu tu.