Programu ya aljebra ilinipa sifuri, na wakala akaniambia kompyuta haikosei

Ninafundisha hisabati kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita katika kituo cha twisheni huku Tabata, Dar es Salaam, na kwa karibu mwaka mzima nimeitumia programu moja ya aljebra, ya kulipia leseni, kuandaa majibu ya mazoezi. Uwezo wake unajulikana. Mimi naandika kwa sababu ya jibu moja.

Swali lilikuwa intigrali, yaani eneo lililo chini ya grafu, ya 1/(5 + 4cos x) kuanzia 0 hadi 2π, na programu ikajibu 0. Umeme ulikuwa umekatika, chaji ya laptop inakaribia kwisha na madaftari bado ni mengi, nikaliamini jibu hilo na kumkosesha binti mmoja aliyeandika 2π/3. Kesho yake alinifuata, akaweka kidole kwenye grafu aliyoichora kwa penseli, akasema, "Samahani mwalimu, mstari wangu haushuki hata mara moja chini ya mhimili wa x. Sasa eneo litakuwaje sifuri?" Nilibaki na kalamu nyekundu mkononi, sina la kumjibu, maana alisema kweli: kosaini haizidi 1 wala haipungui −1, kwa hiyo asili ya sehemu ile hubaki kati ya 1 na 9, na sehemu yenyewe ni chanya mwanzo hadi mwisho.

Usiku nilifanya kipimo tulichofundishwa sote, yaani kulirudisha jibu nyuma kwa difrensiesheni, iliyo kinyume cha intigrali. Programu ilikuwa imetoa (2/3)arctan(tan(x/2)/3), nami nilipoirudisha nikapata kile kile nilichoanza nacho. Kipimo kilipita na jibu bado lilikuwa la uongo! Kasoro ilijificha kwenye x = π, ambapo tan(x/2) huruka kutoka infiniti chanya hadi infiniti hasi, kwa hiyo usemi ule hudondoka ghafla kutoka π/3 hadi −π/3, na pengo hilo la 2π/3 ndilo hasa jibu la binti yule, ambaye alilikwepa kwa kuhesabu 0 hadi π kisha akazidisha kwa mbili. Nilipoiagiza programu hiyo hiyo ipige hesabu kwa tarakimu badala ya alama, ilitoa 2.0944, bila kunionya kwamba inajipinga yenyewe.

Nilikwenda kwa wakala aliyeniuzia, maeneo ya Posta, nikiwa nimechapisha majibu yote mawili kwenye karatasi moja. Kijana wa mapokezi hakuigusa. "Mama yangu, kompyuta haikosei. Rudi nyumbani uangalie ulivyoingiza." Aliyasema hayo macho yakiwa kwenye simu yake, mbele ya wateja wengine, na mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Nisiwe dhalimu. Mwaka 1968 mwanahisabati Daniel Richardson alithibitisha kwamba kwa semi za aina fulani, zenye saini (sin), π na thamani kamili ndani yake, hakuna utaratibu uwezao kuamua kila mara kama usemi ni sawa na sifuri, kwa hiyo hakuna mtengenezaji awezaye kuahidi programu inayojihakiki kwa kila jambo. Nakiri pia kwamba kwenye matriki na kufungua mabano imeniokolea saa nyingi, na nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa nyota tatu. Lakini kosa nililokutana nalo si la aina hiyo! Njia ya kuondoa miruko ya namna hii katika intigrali za trigonometria ilichapishwa na watafiti Jeffrey na Rich mwaka 1994, nami nimelipia toleo la juzijuzi. Naipa nyota moja, na wakala simpi hata hiyo.

Alama za binti yule nilimrudishia mbele ya darasa zima. Leseni inakwisha mwezi ujao, na wakala ameshaanza kunitumia ujumbe wa kunikumbusha malipo. Sijamjibu.