TAHADHARI: Ukurasa wa michezo Mombasa unaowaita watoto vijeba (yaani wanaodanganya umri), kisha unadai pesa ya kufuta

Wazazi na makocha wa Mombasa, hasa wenye vijana wanaocheza Uwanja wa Mbuzi, Bomu na viwanja vya Likoni, someni hii kabla mashindano ya likizo hayajaanza.

Kuna ukurasa wa Facebook unaojiita wa habari za soka ya mashinani hapa Pwani. Silitaji jina kwa sababu malalamiko yetu yameshapelekwa, na jina lenyewe wamelibadilisha tangu mambo haya yaanze. Mtawatambua kwa mwenendo wao.

Huanza na sifa. Mpwa wangu ana miaka 15, ni winga wa kushoto. Tukashtukia picha yake imewekwa, na maandishi kwamba klabu ya Ubelgiji imeshaelewana na familia. Familia ipi? Dada yangu yuko kwenye meza yake ya mahamri na viazi karai tangu alfajiri, hajaongea na klabu yoyote. Halafu ikaja simu: kijana amepanda chati, sasa mtoe shilingi 3,000 tumtangaze zaidi. Dada akakataa.

Haukupita muda, picha ileile ikarudi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, tarehe imezungushiwa duara jekundu, na maneno: "Miaka 15 na ndevu hizi? Kijeba huyu!" Kitazameni cheti hicho kwa makini: tarakimu ya mwisho ya mwaka haikukaa mstari mmoja na wenzake, na wino wake umekoza zaidi. Wameuchezea mwaka. Tulipowaandikia waondoe, tulijibiwa kwa nambari ya M-Pesa na bei: 10,000.

Lililoniuma zaidi ni la mtangazaji wa redio. Matapeli ni matapeli, lakini huyu ana studio na mshahara, na aliisoma posti ile hewani asubuhi kama habari. Hakumpigia kocha, hakumuuliza mama. Simu moja kwa shule ingempata mwalimu mwenye rekodi za mtoto tangu darasa la kwanza. Kufika jioni kijana anazomewa mazoezini, na timu iliyokuwa imemwahidi nafasi haipokei simu zetu. Tulipomfuata, mtangazaji alisema yeye alinukuu tu mitandao. Hiyo si kazi ya uandishi. Maadili ya wanahabari chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yanadai usahihi na yanawalinda watoto, na sheria hiyohiyo imeunda Tume ya Malalamiko. Ndiko tulikompeleka.

Ndevu si ushahidi wa umri. FIFA yenyewe, kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, hutumia kipimo cha MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili) cha kifundo cha mkono kukagua umri tangu 2009. Na ile ya Ubelgiji ilikuwa uongo wa wazi kwa anayejua kanuni: kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho hakimruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine ila kwa masharti machache, mfano mzazi awe amehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Mwandishi wa michezo asiyelijua hili ataandika nini?

Msilipe. Mzazi mmoja wa Kisauni alilipa, posti ikafutwa, kisha ikaibuka kwenye ukurasa mwingine kwa bei ya juu zaidi. Kabla hujawajibu chochote, piga skrinshoti yenye tarehe na anwani ya ukurasa, weka nambari ya simu na meseji zote, kisha nenda polisi: kumtisha mtu ili atoe pesa ni jinai. Picha na cheti cha mtoto ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na wanaoivunja wanaguswa: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini.

Makocha, nawaomba kwa heshima: vyeti vya watoto visizunguke kwenye makundi ya WhatsApp ya timu. Kagueni cha mkononi, mrudishieni mzazi. Cha mpwa wangu kilipigwa picha wakati wa usajili, na aliyekipiga bado hatujampata.

Ukiona posti ya namna hii juu ya mtoto wa mwenzio, usiisambaze hata kwa kuuliza "jamani, ni kweli?" Mtumie mzazi wake peke yake. Na kama ni mwanao, niandikie inbox. Tunakusanya familia zilizoguswa ili tuwasilishe malalamiko kwa pamoja, na tayari kuna wazazi kutoka Changamwe na Mtongwe.