Kinga ya TB fiche: vidonge vya kila siku au vya kila wiki?

Kwa anayeishi na VVU, TB iliyolala mwilini inaweza kuamka wakati wowote. Kwanza aulizwe kama ana kikohozi, homa, jasho la usiku au amepungua uzito. Akiwa na hata dalili moja, apimwe TB kabla ya kupewa dawa kinga.

Dawa kinga ya kwanza, isoniazidi, humezwa kila siku kwa miezi 6, na vitamini B6 huongezwa kuzuia ganzi ya miguu. Ni ya bei nafuu na imezoeleka, lakini siku 180 ni nyingi mno kwa mtu anayejiona mzima.

Isoniazidi pamoja na rifapentini humezwa mara moja kwa wiki, dozi 12 tu. Katika utafiti uliochapishwa 2011, asilimia 82 walimaliza dozi hizo. Kati ya waliomeza isoniazidi pekee kwa miezi 9, asilimia 69 walimaliza. Mimi ningechagua hii ya kila wiki. Ila rifapentini hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, haipatani na nevirapini (dawa ya VVU), na haishauriwi kwa mjamzito. Mkojo kugeuka rangi ya chungwa kusikutishe. Macho yakiwa ya manjano, acha dawa uwahi kituoni.