Programu ya maadili iliyompa mwanafunzi wangu sifuri

Nianze na onyo: ninaandika nikiwa bado na hasira. Mwenye kutafuta bei, ukubwa wa programu na aina ya simu inayoikubali, akaangalie kwenye ukurasa wa wanaoiuza. Wameyaweka yote, tena kwa rangi. Mimi nimekuja kuzungumzia sifuri moja.

Ninafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, Kidato cha Pili, shule ya kata, huku mkoani Morogoro. Walimu wenzangu mnajua somo hili lilivyotukuta. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024 tukaambiwa ni la lazima, na linafundishwa kwa Kiswahili. Upande wa historia sina shida nao. Kinjekitile, Mkwawa, Mirambo, hao nawafundisha hata ukiniamsha usiku. Shughuli iko kwenye maadili. Ukiuliza "Je, kuiba ni vizuri?" darasa zima linaitikia "Hapanaaa", kengele inagongwa, na hakuna hata mmoja aliyefikiri chochote.

Kwa hiyo mwalimu wa taaluma alipoleta habari za programu inayofundisha watoto "kufikiri kimaadili" kwa kutumia visa, niliiunga mkono kwenye kikao mbele ya mkuu wa shule. Ada ya mwaka ikalipwa. Tukawa tunaunganisha kishikwambi changu (vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, kisha tukagawiwa walimu) na projekta, wanafunzi wanakuja mbele kwa zamu. Kwenye matangazo yao kila mtoto ana tableti yake na anatabasamu. Kwangu wanafunzi wamebanana, simu haziruhusiwi shuleni, na tableti ni moja, ya mwalimu. Hilo sikulalamikia.

Visa vya mwanzo vilikwenda. Umeokota pochi sokoni, ufanyeje. Rafiki yako anaomba umpe majibu kwenye mtihani. Vyepesi, lakini msimulizi ana sauti nzuri, anasoma bila haraka kama watangazaji wa zamani wa redio, na watoto walimpenda. Kama angebaki na pochi na mtihani, leo ningekuwa ninaandika mengine.

Kikaja kisa cha dawa.

Aliyepita chuo cha ualimu atakitambua mara moja. Ni kile cha Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia wa Marekani tuliyemkariri kwenye saikolojia ya elimu: ngazi tatu, hatua sita za kukua kimaadili. Mke wa Heinz ana saratani, anakaribia kufa. Mfamasia wa mji huohuo amegundua dawa. Kuitengeneza kunamgharimu dola 200, yeye anaiuza dola 2,000. Heinz hana hela hiyo. Je, avunje duka aibe? Kohlberg hakuwa na haja na "ndiyo" wala "hapana" yako. Alichokuwa akikitafuta ni sababu. Unasema asiibe kwa kuwa atafungwa, au kwa kuwa kila mtu akijichukulia sheria mkononi hapatakalika? Unasema aibe kwa kuwa ni mke wake, au kwa kuwa uhai wa mtu yeyote, hata wa jirani asiyemsalimia, unapita mali? Watu wawili wanaweza kutoa jibu lilelile huku mmoja akiwa bado anaogopa fimbo na mwenzake keshafika mbali. Kisa kizima kimejengwa juu ya hilo.

Sasa hawa jamaa wamefanyaje? Wamempa Heinz jina la Kiswahili, wamegeuza dola kuwa shilingi, wamemchora mfamasia na kitambi. Halafu wakaweka vitufe viwili: AIBE na ASIIBE. Na kimoja ndicho sahihi! Ukibonyeza ASIIBE unapigiwa makofi na kupewa pointi kumi za uadilifu. Ukibonyeza AIBE unatokea uso mwekundu unaobubujikwa na machozi, na honi kama ya bajaji. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna kisanduku: "Andika sababu yako." Nikasema afadhali, angalau sababu wameikumbuka.

Zamu ikamfikia binti mmoja wa dawati la nyuma, si msemaji sana. Akasimama mbele ya kishikwambi, hakubonyeza kitu. "Mwalimu, lazima nichague?" Nikamwambia aandike kwanza anachofikiri. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, darasa likimfuata ukutani: "Aende kwanza ofisi ya ustawi wa jamii hospitali aombe msamaha wa gharama. Wakikataa ndugu wachange. Mwenye dawa alipwe kidogo kidogo." Akatuma.

Honi. Uso mwekundu. "Jibu lako halitambuliki. Uadilifu: 0."

Sifuri hiyo ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake, imewaka ukutani nyuma yake, na darasa likaangua kicheko. Projekta yetu ni nzito kuzima, mnajua zile za zamani. Akabaki amesimama chini ya sifuri yake mpaka nilipochomoa waya.

Mtoto ametaja ofisi ambayo ipo kweli kwenye hospitali zetu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasiomudu gharama. Ametaja mchango, kitu ambacho kila familia ya Kitanzania inakianza kabla mgonjwa hajafikishwa wodini. Ametafuta njia ambayo mgonjwa anapona na mwenye duka hapati hasara. Kama huko si kufikiri kimaadili, basi sijui tunafundisha nini.

Na si jambo geni. Mwaka 1982 Carol Gilligan, aliyewahi kufanya kazi na Kohlberg mwenyewe, alieleza habari za msichana wa miaka 11 aliyeulizwa kisa hikihiki. Yule naye alikataa kuchagua kati ya kuiba na kutoiba. Akasema zipo njia nyingine, kama kukopa, na kwamba wakae na mfamasia wazungumze. Kipimo cha Kohlberg kikamweka chini ya mvulana wa umri wake aliyejibu "aibe" moja kwa moja. Gilligan akasema kasoro iko kwenye kipimo, kwa sababu kiliundwa kwa kuwasikiliza wavulana watupu: 72, wa Chicago. Haya yanafundishwa vyuoni. Mtu anayeuza programu ya maadili kwa mashule hana ruhusa ya kutoyajua.

Kinachoniudhi zaidi nilikigundua nyumbani nilipokisoma kisa chao upya. Kwenye kisa cha asili, Heinz hakukimbilia kuvunja duka. Alizunguka kwa kila anayemfahamu kukopa, akapata dola 1,000, nusu ya bei, akamsihi mfamasia apunguze au ampe amalizie baadaye. Akakataliwa. Ndipo linapokuja swali la kuiba. Hawa wameikata sehemu hiyo yote! Mume anasikia bei, anaangalia kufuli. Kwa hiyo yule binti aliirudisha kwenye kisa sehemu waliyoichomoa wao, na kwa malipo wakampa sifuri.

Nikapiga namba yao ya msaada. Akapokea kijana, sauti ya mtu anayekula. Nikamweleza kwa upole kabisa. Akaniuliza, "Madam, samahani, shule yako ni ya kata?" Nikasema ndiyo. "Aaa, basi hapo nimekuelewa. Unajua mfumo tuliufanyia majaribio kwa wanafunzi wa Inglishi Midiamu, kwa hiyo uelewa wa wanafunzi wako unaweza usi..." Sikumwacha amalize. Nikamwambia: mdogo wangu, mwanafunzi wangu ameandika sentensi tatu ambazo programu yako imeshindwa kuzisoma, nani hapo mwenye tatizo la uelewa? Akanijibu eti nitume picha ya skrini, watalifanyia kazi. Hakusema hata pole.

Uelewa! Watoto wanaokuja shule kwa miguu asubuhi na ndoo ya maji kichwani, ambao wengine ndio waliompeleka bibi hospitali na kusimama naye foleni ya ustawi. Kijana huyo hajui hata mlango wa ofisi hiyo unafanana vipi.

Sasa niseme ukweli wote, ingawa unanikera. Kipindi kilichofuata kilikuwa bora kuliko vyote nilivyofundisha somo hili. Waliingia wakiwa wameshaanza kubishana tangu korido, waliomcheka yule binti sasa wakiwa upande wake. Mmoja akauliza kwa nini huyo mgonjwa hajapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mwingine akasema angeiba, kisha angejipeleka polisi mwenyewe; mwenzake akamrukia: ukishajipeleka, nani anamuuguza mama? Kuna aliyemtetea mfamasia, kwamba amehangaika miaka kuitafuta dawa na pengine alikopa, halafu kila mtu anamwona shetani. Akajibiwa na wasichana wa mbele kwamba kuuza kwa mara kumi ya gharama si faida, huo ni unyang'anyi wenye leseni. Nilikaa kwenye kona, kazi yangu ikawa kuonyesha kidole nani aongee. Kengele ya mapumziko ikagongwa, hawakutoka. Kidato cha Pili hawakutoka, wakati mihogo ya kukaanga inauzwa nje!

Nikafikiria kuwapa nyota tatu. Bila ile sifuri ya kipuuzi, mjadala huo usingetokea. Hata nikawa nawatetea ofisini, kwamba pengine ubovu wa programu ndio unaoifaa.

Lakini tuliujadili umeme ukiwa umekatika, programu ikiwa imezimwa. Pointi za mjadala huo sioni kwa nini ziwe zao.

Halafu kuna ule ubao wa "Mashujaa wa Maadili". Programu inapanga wanafunzi kwa pointi, wa kwanza mpaka wa mwisho, na kumchorea wa kwanza taji. Shujaa wetu wa muhula ni monita, kijana mwerevu, na monita huyo anajulikana na darasa zima kwamba anafuta majina ya wapiga kelele kwa pakiti ya ubuyu. Nikamuuliza anapataje pointi zote hizo. Akanijibu bila aibu: "Mwalimu, kwenye maswali yenye majibu mengi, jibu refu ndilo sahihi." Nikajaribu. Ni kweli. Yule binti wa ustawi wa jamii yuko chini kabisa ya orodha, na programu kila ikiwashwa inamwandikia "Usikate tamaa, unaweza kuwa mwema!"

Nikatuma malalamiko kwa maandishi, marefu, ya heshima, yenye Kohlberg, Gilligan na picha ya skrini. Wiki kadhaa kimya. Kisha likaja sasisho, likanimalizia bando, na ujumbe: "Mwalimu, tumefanyia kazi maoni yako." Nikafungua kisa cha dawa kwa matumaini, nawaambia.

Kisanduku cha sababu kimeondolewa.

Vitufe viwili vimebaki, uso mwekundu umebaki, honi imebaki. Wameondoa mahali pa kuandika sababu, ili pasiwe na sababu isiyotambulika. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kama niko sawa.

Nimemwambia mkuu tusilipie mwaka mwingine. Yeye anasema wadhibiti ubora wakija wataulizia matumizi ya TEHAMA, kwa hiyo angalau iwe inawashwa. Sawa, naiwasha. Naacha msimulizi asome kisa, nazima kabla ya vitufe, naandika ubaoni kwa chaki ile sehemu ya kukopa waliyoikata, tunaendelea. Kidato cha Kwanza wamesikia, wananisimamisha njiani kuuliza lini na wao watafanyiwa "ile ya dawa". Ndiyo maana siwezi kusema msiinunue kabisa. Mkiweza kupata visa vyake bila vitufe vyake, chukueni.

Na kabla hamjalipa, ombeni mjaribishwe mbele yenu. Andikeni "aende ustawi wa jamii", kama watakuwa wamerudisha mahali pa kuandika. Nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya msimulizi.